Kisanduku Nilichoogopa Kukitia Tiki

Nimeanza kazi mpya ya hesabu hapa Leeds, Uingereza, na siku ya pili nikaletewa fomu ya afya. Swali la maana lilikuwa moja: una ugonjwa wa muda mrefu au ulemavu unaohitaji usaidiwe kazini? Chini yake visanduku viwili, ndiyo na hapana. Nilikaa na kalamu karibu dakika kumi.

Nina baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili inageuka na kushambulia viungo vyake yenyewe. Mwaka wa saba huu. Kila Jumatano nameza methotreksati, dawa ya kutuliza kinga hiyo, mara moja tu kwa wiki, na damu napimwa mara kwa mara kuangalia kama dawa inaumiza ini. Haya nawaambia ninyi bila tabu. Mbele ya karatasi ya mwajiri, mkono uligoma.

Mkono huo ulifundwa Tanga. Nilikuwa na miaka 31, nafundisha shule ya msingi ya binafsi, vidole vya mikono yote miwili vikaanza kuvimba. Asubuhi vilikuwa vigumu kama kuni. Hata kufunga vifungo vya blauzi nilimwita mdogo wangu. Vilianza kulegea saa tatu, na kengele ya kwanza ni saa moja na nusu. Nikaficha. Nilimeza diklofenaki za duka la dawa mpaka tumbo likawaka moto. Nikiomba ED, yaani ruhusa ya kupumzika kwa ugonjwa, naulizwa, "Tena wewe?" Mkubwa mmoja akaniambia huo ni ugonjwa wa bibi, nijipake mafuta ya karafuu. Mkataba ulipoisha haukuhuishwa, na sababu sikupewa.

Hapa nilitia tiki. Siku nne baadaye nikakuta mezani kibodi laini na kipanya cha kushika kwa wima kisichopinda kifundo cha mkono. Zamu yangu ikasogezwa kutoka saa mbili hadi saa nne. Hakuna aliyenipa pole wala kunitazama kwa huruma. Nilikwenda chooni nikalia.

Sasa naona mnavyojiandaa. "Huyu kaishakuwa Mzungu." "Kaa huko na kibodi yako." Sijidai, jamani. Baridi ya Januari huku inanitesa kuliko kipupwe chochote cha Tanga, na hakuna wa kunifungia vifungo asubuhi. Tena walimu wenzangu kule walinibeba kuliko mtu yeyote hapa: mmoja alikuwa akiniandikia ubaoni kipindi kizima huku mimi nasoma, na darasa lake linamsubiri. Upendo ule sijauona Leeds na sitarajii kuuona. Lakini mwenzangu yule hakuwa na uwezo wa kuniongezea mkataba.

Mwingine atasema, wao wana hela. Niambie, kusogeza kipindi cha kwanza kwa mwalimu mmoja kunagharimu shilingi ngapi? Kumpa kiti?

Na msiniambie hatuna sheria, hilo ndilo linaloniuma zaidi. Sheria ya Usawa inayonilinda hapa Uingereza ni ya mwaka 2010. Sheria yetu ya Watu Wenye Ulemavu, ya Tanzania, ni ya mwaka 2010 vilevile! Inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi awe na asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Sheria ya ajira ya 2004 inampa mgonjwa siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Naziona nzuri, na najivunia kwamba Watanzania wenzangu walikaa wakaziandika. Mimi nilifukuzia ED za siku mbili mbili bila kujua zipo, na aliyekuwa akinisainia hakunitajia hata siku moja.

Mwezi uliopita binti mmoja, mwalimu huko huko Tanga, alinitumia picha ya vidole vyake akauliza, "Dada, nimwambie mkuu au ninyamaze?" Nilimjibu aende kwanza kwa daktari bingwa wa viungo, maana dawa ikianza mapema viungo huokolewa, kisha amwandikie mkuu barua, aombe kipindi cha kwanza kisogezwe, na abaki na nakala iliyogongwa muhuri.

Jana usiku ameniandikia. Barua iko tayari, ameikunja kwenye mkoba, siku ya tatu sasa anaingia nayo shuleni na kutoka nayo.