Baiogesi ya nguruwe: gesi inatoka, kinyesi kinabaki

Siku hizi ukifuga nguruwe tu lazima mtu akwambie jenga mtambo wa baiogesi, harufu itaisha na gesi ya mtungi utaisahau. Mimi mitambo hii naikubali sana, ila kuna kitu wauzaji wanakiruka na ndicho kinachoamua kama itakufaa au la. Mtambo haumalizi kinyesi. Bakteria wanakula sehemu ya kaboni wanatoa methani, ile gesi inayowaka, basi, naitrojeni na fosforasi (virutubisho vya mimea) uliyoingiza inatokea upande wa pili ndani ya tope, na tope lenyewe ni karibu wingi uleule uliomwaga.

Angalia North Carolina kule Marekani, jimbo lenye nguruwe kama milioni 8. Mwaka 2018 Smithfield, kampuni ya nyama ya nguruwe, na Dominion Energy, kampuni ya nishati, walitangaza ubia wa kufunika mabwawa ya kinyesi, wavune gesi, waisafishe na kuiingiza kwenye bomba la gesi. Kwa upande wa hewa wana hoja nzito, maana methani inapasha joto dunia mara 28 hivi kuliko kaboni dayoksaidi kwa hesabu ya miaka 100, na mabwawa ya wazi yalikuwa yanaiachia bure. Lakini majirani wa wilaya za Duplin na Sampson, wengi wao Wamarekani weusi, wakalalamika na mimi naona wana haki kabisa, kwa sababu tope likitoka kwenye bwawa lililofunikwa linaenda bwawa la pili lililo wazi halafu linarushwa mashambani vilevile kama zamani, tena sasa naitrojeni yake nyingi imeshakuwa amonia, yenye harufu kali. Harufu imebaki kwao, hela ya gesi imeenda kwa mwingine. Na gesi ikishaanza kuingiza hela, nani tena atakubali kuachana na mabwawa?

Sasa njoo Mbeya, Njombe au Kilimanjaro, hesabu inageuka. Mtu ana nguruwe 10, migomba iko hapohapo nyuma ya banda, na bei ya mbolea ya dukani anaijua vizuri, kwa hiyo lile tope linalowasumbua Wamarekani kwake ni mali. Nguruwe wa kunenepesha anatoa kama kilo 2 kwa siku, kilo moja mbichi inatoa lita 40 mpaka 60 za gesi, jiko moja linakula lita 300 hadi 400 kwa saa. Yaani nguruwe 10 wanakupa moto wa saa mbili na nusu hivi, chai na ugali vinaiva, maharage labda yaanzie kwenye mkaa. Wa nguruwe watatu asidanganywe.

Shida zipo na nyingine hazisemwi. Ukitandika maranda bandani yakaingia mtamboni hayaozi, yanaelea juu yanafanya gamba. Ukiosha banda kwa dawa ya kuua vijidudu na maji yakaelekea kule, umeua na bakteria wako. Maganda ya ndizi na mabaki ya jikoni ni mazuri kwa sababu kinyesi cha nguruwe kina naitrojeni nyingi nayo yanaongeza kaboni, ila yaongezwe kidogokidogo, ukijaza kwa pupa mtambo unachachuka, gesi inatoka na haiwaki. Ile harufu ya mayai viza nayo ni salfa, inakula jiko, pitisha gesi kwenye kopo lenye vyuma vyenye kutu.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni homa ya nguruwe. Haina tiba, ikiingia inafagia banda zima, na mtu kashatumbukiza milioni kadhaa kwenye ujenzi, mtambo unabaki mtupu. Ndiyo maana namshauri mwenye ng'ombe wawili na nguruwe wachache awaelekeze wote mtambo mmoja, na kabla hata hajamwita fundi apime kwanza shamba litakalopokea tope.