Zombi Aoze, Diski Isioze

Filamu ya vichekesho vya zombi iliyotengenezwa kwa fedha za kuungaunga, marafiki wakicheza maiti bila malipo na damu ikiwa ni sharubati iliyotiwa rangi, haikosi kuzua ubishi siku inapotoka kwa DVD au Blu-ray. Wapo wanaosema picha mbovu ni sehemu ya utamu wake, na anayetaka picha safi akatazame filamu za mamilioni. Wapo wanaosema mtazamaji ametoa pesa yake, kwa hiyo anastahili picha inayoonekana na sauti inayosikika, hata kama mwongozaji alikuwa hana kitu mfukoni.

Kila upande una haki yake, ila naona wote wanachanganya mambo mawili. Kuna kasoro iliyoingia siku filamu ilipopigwa, na kuna kasoro iliyoingia siku ilipohamishiwa kwenye diski. Ya kwanza ni mali ya filamu. Ya pili ni uzembe wa mtu mwingine kabisa, na ndiyo inayoniudhi, kwa sababu lawama yake humwangukia asiyehusika.

Chukua One Cut of the Dead, filamu ya Kijapani ya mwaka 2017 iliyoongozwa na Shinichiro Ueda. Bajeti yake ilikuwa kama yeni milioni 3, nayo ikaja kuingiza zaidi ya yeni bilioni 3 katika kumbi za Japani. Dakika 37 za mwanzo zimepigwa kwa mkupuo mmoja, kamera haikatwi hata mara moja, na anayeiona kwa mara ya kwanza atadhani ni kazi ya watu walioshindwa. Waigizaji wanasita katikati ya mazungumzo. Watu wanafanya mambo yasiyo na kichwa wala miguu. Kamera inaanguka na kubaki chini kwa muda mrefu kiasi cha kumfanya mtazamaji ajiulize kama kuna mtu bado anaishughulikia. Sitaharibu utamu kwa ambaye hajaiona. Inatosha kusema kwamba mambo hayo yana maelezo yake baadaye, na maelezo hayo ndiyo kichekesho chenyewe.

Sasa mfikirie fundi mwenye nia njema aliyeketi mbele ya kompyuta kuiandaa filamu hiyo kwa ajili ya diski, akaamua kutuliza mtikisiko wa kamera, kulainisha rangi zinazoruka na kupunguza vile vimya virefu. Angeiua filamu akiwa anadhani anaiponya. Hapa wanaotetea ubovu wameshinda, na nawaunga mkono bila kusita. Ukingo wa mpira unaoonekana shingoni mwa zombi, uzi unaovuta mkono uliokatika, taa iliyojitokeza pembeni mwa fremu: vyote hivyo vilikuwepo siku ile, na msambazaji hana ruhusa ya kuvifuta. Picha kali ya kisasa ikivianika zaidi kuliko zamani, basi na vianikwe.

Lakini hoja hiyo ikivutwa kupita kiasi inazaa dhuluma. Night of the Living Dead ya George Romero ya mwaka 1968 si kichekesho, ila ndiyo mama wa karibu zombi wote tunaowacheka leo, na ilitengenezwa kwa dola za Marekani zipatazo 114,000. Jina la filamu lilipobadilishwa kabla ya kutolewa, tamko la hakimiliki liliondoka pamoja na jina la awali, na halikurudishwa. Kwa sheria ya Marekani ya wakati huo, filamu ikawa mali ya umma. Yeyote aliyepata nakala aliweza kuitoa na kuiuza, na wengi walifanya hivyo, kila mmoja akinakili kutoka kwa mwenzake. Kwa miongo kadhaa watu waliitazama hivyo, weusi umekuwa kijivu, nyuso zimepauka hadi macho hayaonekani, sauti inakwaruza. Mtu akiona vile angeamini kwamba hawa jamaa hawakujua hata kuweka taa. Kisha mwaka 2016 jumba la makumbusho la MoMA la New York na The Film Foundation, shirika la kuhifadhi filamu, wakaonyesha urejeshaji wa 4K, yaani wa picha kali mno ya kisasa, uliotokana na negativi ya kamera yenyewe, ule mkanda halisi uliopita ndani ya kamera, na mwaka 2018 kampuni ya diski ya Criterion ikautoa kwenye diski. Vivuli vikarudi, nyuso zikarudi, na ikaonekana wazi kwamba picha ilikuwa imepangwa kwa jicho la mtu anayejua kazi yake. Kumbe wanaosema "ubovu ndio utamu" walikuwa wakisifia kazi ya wanakili, na sifa ya Romero na wenzake ikakaa kifungoni muda wote huo.

Ndiyo maana siridhiki mtu anapotazama diski mbovu ya filamu ndogo akasema kwa upole, "ah, bajeti yao ilikuwa ndogo." Pengine bajeti haihusiki kabisa.

Zombi hutembea usiku, na usiku ndio mtihani mkubwa wa diski. Programu inayobana picha hutafuta mahali pa kuokoa data, na penye giza hujiona imeruhusiwa kuokoa zaidi. Sogea karibu na runinga utazame ukuta wenye kivuli nyuma ya mhusika. Badala ya weusi unaofifia taratibu, utaona miraba inayochezacheza, inatulia kidogo kisha inabadilika yote kwa pamoja. Ongeza moshi wa mashine, ongeza damu inayorushwa hewani, miraba inasambaa hadi kwenye nyuso. Katika filamu ya kutisha hilo ni kero tu. Katika kichekesho ni msiba, kwa sababu kichekesho cha zombi hupenda kukaa nyuma ya fremu. Mhusika yuko mbele analalamika kwamba mchumba wake hamthamini. Nyuma yake, nje ya dirisha, zombi amenasa mguu kwenye baiskeli ya mtoto na anajitahidi kuuchomoa kwa adabu. Mtazamaji anayeona doa jeusi linalosogea hawezi kucheka. Atasema filamu haichekeshi, na hatajua kwamba kichekesho kilikuwepo.

Tena hesabu yenyewe si ngumu. DVD ya tabaka moja ina gigabaiti 4.7. Filamu ya dakika 90 ikikaa humo peke yake inapata takriban megabiti 7 za data kwa kila sekunde, picha na sauti pamoja, na hicho ni kiwango cha heshima kwa DVD, ambayo kwa picha haivuki megabiti 9.8 hata ukiilazimisha. Sasa msambazaji anaongeza saa nzima ya nyongeza, matukio yaliyokosewa, mahojiano, trela, na kiwango kinashuka hadi megabiti 4 na ushei. Aliyepungukiwa ni yule zombi wa dirishani. Kwenye Blu-ray ya tabaka moja yenye gigabaiti 25, filamu hiyohiyo inaweza kupata zaidi ya megabiti 35 kwa sekunde. Nafasi ipo tele. Ukikuta Blu-ray ya dakika 90 yenye miraba gizani, usilaumu umaskini wa mtengenezaji. Huyo ni mtu aliyechukua faili lililoandaliwa kwa DVD au kwa intaneti, akalivuta likajaa kioo, akachapisha.

Hata hivyo, wasambazaji wadogo nao wana utetezi, na wa maana. Filamu za namna hii huuza nakala chache. Kuskani negativi, kusafisha vumbi fremu kwa fremu, kumlipa mtu wa rangi, kuandaa manukuu, yale maandishi ya mazungumzo chini ya picha, yote yanalipwa kabla diski moja haijauzwa. Na mara nyingi negativi yenyewe haipo, au ipo lakini haina msaada: filamu nyingi za bei ndogo za miaka ya 1980 na 1990 zilipigwa kwa mkanda wa milimita 16 lakini zikahaririwa kwenye kanda za video, kwa hiyo nakala pekee iliyokamilika ni kanda ya video. Nyingine zilipigwa kwa video tangu mwanzo. 28 Days Later ya mwaka 2002, ambayo nayo si kichekesho na haikuwa ya kimaskini kiasi hicho, ilipigwa sehemu kubwa kwa kamera ya Canon XL1, kamera ya kanda ndogo za MiniDV, na ni mwisho wake tu uliopigwa kwa mkanda wa milimita 35. Blu-ray yake haina ukali wa Blu-ray nyingine, na haiwezi kuwa nao. Anayeirudisha dukani kwa sababu hiyo anadai kitu ambacho hakijawahi kuwepo. Ule ukungu wa picha, ile mistari mieusi inayomeguka kwenye London tupu, ni uamuzi wa walioipiga.

Kwa hiyo chanzo kikiwa hafifu, diski nzuri ni ile inayoonyesha uhafifu huo kwa uaminifu. Na hapa ndipo upande wa wanaodai ubora unapopotoka vibaya. Wanapoona chembechembe za mkanda, zile nukta ndogo zinazounda picha ya filamu, wanaziita uchafu. Fremu ya milimita 16 ni ndogo sana kuliko ya 35, chembe zake lazima zionekane kubwa zaidi zikikuzwa. Hizo chembe ndizo picha. Msambazaji akiogopa malalamiko, anapitisha kichujio cha kuondoa chembe, na kila kitu kinakuwa nta. Kwa filamu ya kawaida ni hasara. Kwa zombi ni hasara maradufu, kwa sababu fundi wa vipodozi alikesha akibandika karatasi laini na gundi ili ngozi ionekane inavuliwa, na kichujio kinamrudishia zombi ngozi ya mtoto mchanga. Siku hizi kuna programu zinazojaza picha kwa kubuni maelezo ambayo hayakuwepo. Hizo naziogopa kuliko kanda mbovu, maana kanda mbovu haidanganyi.

Sauti inasahaulika zaidi, na kwenye kichekesho ndiyo inayobeba nusu ya kazi. Filamu iliyorekodiwa kwa maikrofoni moja ikigeuzwa kwa nguvu kuwa sauti ya spika sita, mara nyingi mayowe yanajaa chumba huku maneno yakizama. Iachwe ilivyokuwa, isafishwe tu. Nchi zilizotumia mfumo wa runinga wa PAL zilikuwa na balaa jingine: filamu ya fremu 24 kwa sekunde ilichezwa kwa fremu 25, ikaisha mapema kwa asilimia 4, na sauti zikapanda kidogo. Filamu ya dakika 100 ikawa ya 96. Wengi hawagundui, ila kichekesho kinaishi kwenye kile kituo kidogo kabla ya jibu, na kituo hicho ndicho kilichobanwa. Manukuu nayo: mstari ukitokea kioo kizima kabla mwigizaji hajamaliza kuvuta pumzi, mtazamaji amekwisha kusoma jibu na kicheko kimepita.

Halafu kuna suala la urefu. Braindead ya Peter Jackson ya mwaka 1992, kichekesho cha zombi chenye damu nyingi kuliko akili inavyoweza kubeba, ina toleo la dakika 104, ipo ya 97 iliyouzwa Marekani kwa jina Dead Alive, na ipo iliyopunguzwa hadi 85 ili ipate kibali cha maduka yaliyoogopa. Dakika 19 si kitu kidogo. Yule aliyeiona ile fupi akasema ilikuwa ya kawaida tu, hakuiona filamu ambayo wenzake wanaizungumzia, na kama kasha halikumwambia, hana namna ya kujua.

Nikipima yote haya, simwombi msambazaji mdogo 4K. Namwomba mambo ya bei nafuu. Aanze na chanzo bora kinachopatikana, hata kama ni lazima amtafute mhariri wa zamani aliyehifadhi kanda chini ya kitanda. Filamu ipewe nafasi kwenye diski kabla ya nyongeza. Zikizidi, bora diski ya pili au zipunguzwe. Hata hivyo maelezo ya mwongozaji juu ya filamu yasikosekane, kwani ni sauti tu, hayali nafasi kubwa, na kwa filamu za aina hii aghalabu ni darasa zima la namna ya kutengeneza kitu bila fedha. Kichujio cha chembe kizimwe. Nyuma ya kasha iandikwe picha imetoka kwenye nini, ni dakika ngapi, na nani aliyeidhinisha rangi. Kama ni kanda ya video, iandikwe kanda ya video. Wapenzi wa filamu hizi hawaikimbii, wanachokataa ni kufichwa.

Na mwongozaji, ambaye jina lake ndilo litakalobaki kwenye kasha, aweke kwenye mkataba haki ya kupata diski ya majaribio kabla ya kuchapishwa. Aitazame yeye mwenyewe, taa zimezimwa, kwenye runinga ya kawaida, akianzia tukio lenye giza kuliko yote.