Magofu ya Wenzetu Yana Wenyewe

Kulipishwa bei ya mgeni kunauma, hata kama ni mgeni kweli. Pale langoni mwa hifadhi ya Tikal, magofu ya mji wa kale wa Wamaya kaskazini mwa Guatemala, Amerika ya Kati, karani alinitupia jicho moja tu akanikatia tiketi ya quetzal 150, hela ya huko. Mbele yangu kwenye foleni kulikuwa na familia ya hapo hapo nchini, bibi na mabinti zake na rundo la wajukuu, wamebeba ndoo ya chakula na mpira. Watu wazima wao walilipa 25. Nikanuna waziwazi. Mimi ni muuguzi Houston, nakesha zamu za usiku, hela yangu haikuokotwa. Kisha nikajicheka, maana kwetu Gede, magofu ya mji wa kale wa Waswahili Pwani ya Kenya, utaratibu ni huo huo: mgeni ana bei yake, mwananchi ana yake ya chini. Tofauti ni kwamba Tikal ile tiketi ya mwananchi ina wanunuzi.

Ndilo linaloniwasha hadi leo, basi niacheni nilitoe.

Nimezaliwa Msabaha. Ukitoka kwetu asubuhi kwa miguu unafika kwenye magofu ya Gede kabla jua halijakolea. Lakini utotoni mwangu niliingia mle kwa ziara ya shule tu. Kima walitunyang'anya ndizi, mwalimu akapaza sauti mbele ya msikiti mkuu kwamba huu walijenga Waarabu, tukaandika kwenye madaftari, tukarudi. Mama yangu hajaingia mpaka leo. Ukiwauliza majirani watakwambia mle mna majini, au mle ni kwa wazungu, na wengine watakwambia yote mawili kwa pumzi moja.

Tikal tulitembezwa na mzee wa kabila la Q'eqchi', mmoja wa makabila ya Wamaya waliopo hai leo, kitambulisho cha kazi kimening'inia kifuani, mguuni buti za mpira. Kihispania changu ni cha wodini, najua kuuliza mtu anaumwa wapi vizuri kuliko kitu kingine chochote, lakini mzee alikuwa anasema polepole na kwa mikono. Alitusimamisha njiani tuwapishe siafu wakata majani, kila mmoja na kipande chake kibichi mgongoni, msafara hauna mwisho. Huko juu kwenye miti nyani wao wakaanza kunguruma. Sikutarajia mnyama mdogo vile awe na sauti ile, nikamshika mwenzangu mkono nikidhani ni chui. Mzee hakugeuka hata. Alikuwa anatuonyesha vilima vidogo vilivyofunikwa na miti pembeni mwa njia: ile nyumba, ile nyumba, ile jiko. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba leza iliyorushwa kutoka kwenye ndege imefichua majengo zaidi ya 60,000 chini ya msitu wa upande ule wa nchi. Mzee alisema wao walijua siku zote, ila hawakuwa na ndege.

Tukafika kwenye mti mmoja mnene, gome la kijivu, mizizi imesimama kama kuta. Akavua kofia. Huu ndio mti wa taifa la Guatemala, na kwa Wamaya ndio unaoshika kuzimu, ardhi na mbingu pamoja. Nikatazama juu, nikatazama tena. Jamani, ni msufi! Msufi huu huu wetu wa Pwani, wa sufi ya mito na magodoro. Nikamwambia kwetu mti huu tunaulalia. Alicheka, halafu akaniuliza kama huwa tunauomba radhi kwanza.

Nilikosa jibu.

Uwanja mkuu wa Tikal una piramidi mbili zinazotazamana. Ile ya mashariki ina urefu wa mita 47 hivi, na chini yake alizikwa mfalme Jasaw Chan K'awiil, aliyeketi kwenye kiti mwaka 682. Mji wake ulikuwa umepigwa na kunyong'onyea kwa zaidi ya karne, kisha mwaka 695 akawashinda wafalme wa Calakmul, mahasimu wao wa kaskazini. Yote haya yameandikwa kwenye mawe na mbao zao wenyewe, kwa maandishi yao. Mzee alilisimulia jambo lile kama mtu anayeeleza kesi ya shamba la ukoo: walitufanyia hivi, tukanyamaza, ikafika siku yetu. Alipotufikisha kwenye piramidi ndefu kuliko zote, ile aliyoijenga mtoto wa mfalme huyo karibu mwaka 741, tukapanda ngazi za mbao mpaka tukaona vichwa vya piramidi nyingine vimetokeza juu ya msitu, alichotaka tukitazame si mandhari. Alitaka tujue kwamba mbao za kuchongwa za juu ya milango zilibebwa karne ya 19 na sasa ziko makumbusho ya Basel, Uswisi. Alikasirika kama zimeibwa jana.

Na pale chini uwanjani, ile familia ya foleni imetandika kitambaa nyasini, bibi anagawa mikate ya mahindi, watoto wanapiga mpira. Pembeni watu wameuzunguka moto, mishumaa ya rangi, moshi wa utomvu unaonukia karibu na ubani wetu, wanaomba. Watalii tuliambiwa tusipige picha, tukatii. Hapo ndipo moyo wangu ulipoenda Gede, ukaanza kulalamika.

Maana Gede si haba. Msiniletee habari za ukubwa, Tikal ni kubwa, sawa. Lakini Gede ni mji wa mawe ndani ya msitu, una kuta mbili, visima, misikiti, jumba la mfalme lenye mifereji ya maji, kaburi lenye tarehe ya mwaka wa Hijria 802, yaani 1399. Wachimbaji walizipa nyumba majina kwa walichokiokota ndani: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Taa ya Chuma. Iko nyumba waliyokuta ushanga wa Venisi, nyingine pesa ya Kichina. Vijana wanaotembeza wageni pale wanayajua haya kwa ncha ya ulimi, na nawavulia kofia. Tatizo si wao. Tatizo ni nani anayewasikiliza. Ukiondoa watoto wa shule na maharusi wa kupiga picha, niliowaona mimi kila nikirudi nyumbani ni wageni wa hoteli za Watamu.

Julai 2024 UNESCO iliuingiza mji wa kale wa Gede kwenye orodha ya urithi wa dunia. Tikal iliingia 1979, lakini hayo yapite. Nilirusha habari ile kwenye kikundi cha familia nikiwa na furaha ya kulia. Nikajibiwa kwa vidole gumba, kisha binamu yangu akauliza kama kutakuwa na ajira.

Najua yanayokuja. "Dada, umekula baridi ya Marekani, sasa kila ukipanda ndege sisi tunasomewa." Kwanza, Houston hakuna baridi. Pili, mimi mwenyewe ni miongoni mwa ninaowasema, nimevuka bahari kuona magofu ya watu nami ya kwetu nilikuwa nayapita kwa matatu nikielekea Malindi kununua samaki. Kama haya ni majivuno, basi ni majivuno ya ajabu.

Mwingine atasema njaa haingoji historia. Kweli, na sitamwambia mama wa watoto wanne aache kibarua aende kutazama kuta. Lakini watu hao hao nawaona Jumapili ufukweni, na soda, na spika. Uwezo wa kushinda mahali na watoto tunao. Ni pale tu ndipo tusipoenda.

Atatokea na msomi wa kuniuliza: lakini kweli si Waarabu waliojenga? Huyu ananichosha kuliko wote. Mwaka 2023 ulitoka utafiti wa vinasaba vya mifupa ya makaburi ya kale ya Pwani, Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na kwingineko. Gede haikuwamo, sisemi uongo. Ila picha yake ilikuwa wazi: upande wa kina mama ni Waafrika karibu wote, na upande wa kina baba wengi walitoka Uajemi, wakaoana kuanzia miaka ya elfu moja hivi. Sasa mtoto wa nyumba hiyo aliyezaliwa Pwani, akazikwa Pwani, na bibi yake mzaa mama ni wa hapa, nyumba aliyoijenga ni ya nani? Ya mgeni? Tukienda hivyo hata mimi niliyeolewa Mombasa nitaulizwa hati.

Wala sisemi Guatemala ni peponi. Vita vyao vya ndani, vya 1960 hadi 1996, viliua watu zaidi ya 200,000, na tume ya ukweli ilikuta wengi mno wa waliotambuliwa walikuwa Wamaya. Dola ile ile inayoweka piramidi kwenye mabango ya utalii ilichoma vijiji vya wajukuu wa waliozijenga. Mzee wetu alisema shuleni alichapwa kwa kusema lugha ya mama yake. Watu hawa walikuwa na kila sababu ya kuyasusa mawe yale, na bado wapo pale na mishumaa yao. Sisi tumeyasusa ya kwetu bila hata kuchapwa.

"Na Kaya je?" Hapo mmenipata. Misitu mitakatifu ya Kaya za Wamijikenda, watu wa Pwani yetu, inalindwa na wazee wenyewe, na ukiingia bila ruhusa utajua hujui, UNESCO au bila UNESCO. Kumbe tunaweza. Ndiyo maana hasira yangu haiishi.

Desemba nakuja. Nimeshatangaza kwenye kikundi kwamba Jumapili moja tunashinda Gede wote, na sufuria, kama wenye lango wataturuhusu. Kaka yangu ameuliza nauli iko juu ya nani. Wapwa wanataka kujua kama mtandao unashika mle msituni. Shangazi ndiye aliyenikomesha: pilau atapika, na kuja atakuja, lakini ataketi nje ya lango, kwa sababu yeye na majini wa mle wana heshima zao, na hataki kuziharibu kwa ajili ya mtu wa Houston.