Mgomo wa Kula wa Ndege Asiyefika Nusu Kilo

Katika nyumba yetu kila mtu hula kilichopikwa, na asiyekitaka hunywa maji akalala. Sheria hiyo imenihukumu mimi mara nyingi kuliko ilivyowahukumu watoto, wala sijawahi kukata rufaa. Anayeishi juu ya sheria ni mmoja tu, naye ni kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, asiyefika nusu kilo hata akishiba, ambaye kila asubuhi hunikazia jicho la manjano la hakimu aliyekwisha kuandika hukumu kabla ya kusikiliza mashahidi. Shitaka lenyewe ni karoti.

Ndege huyu hatukumnunua. Tulimrithi kwa ndugu aliyehama, na kwa kuwa kasuku wa aina hii akitunzwa vizuri huweza kuishi miaka 40 na zaidi, si ajabu akabadilisha familia akiwa bado na nguvu zake zote. Wenzangu hurithi mashamba. Mimi nilirithi mdomo, pamoja na mfuko mkubwa wa mbegu za alizeti, ambazo ndizo zilizokuwa kifungua kinywa chake, chakula chake cha mchana na cha jioni, bila mboga wala majadiliano.

Daktari wa mifugo tuliyempelekea alimviringisha kwenye taulo, akamfungua mdomo, akammulika kwa tochi, kisha akanieleza kwa utaratibu kwamba alizeti ina mafuta mengi, lakini vitamini A na kalsiamu zimo kidogo mno. Mafuta hujazana kwenye ini na kuiharibu mishipa ya damu. Ukosefu wa vitamini A hudhoofisha utando wa ndani ya kinywa na wa njia ya hewa. Na ukosefu wa kalsiamu, ambao humpata kasuku wa kijivu kwa urahisi kuliko ndege wengi, unaweza kumfanya atetemeke, aanguke kutoka kijitini na kushikwa na degedege. Nilisikiliza kwa majonzi ya kweli. Mgonjwa mwenyewe, aliyekwisha kufunguliwa taulo, alikuwa akishughulika kung'oa kifungo cha koti la daktari.

Tiba ilikuwa rahisi kuitamka. Sehemu kubwa ya mlo iwe peleti, zile punje za chakula kilichosagwa na kushindiliwa zikiwa na virutubisho vyote. Zifuatiwe na mboga za majani mabichi na zenye rangi kali, yaani karoti, boga, pilipili hoho nyekundu na brokoli. Alizeti ibaki kuwa zawadi ya mara mojamoja. Nikauliza kama naweza kuanza siku hiyohiyo kwa kulificha lile fuko, maana ndivyo nilivyolelewa mimi. Daktari akakataa kwa ukali. Kasuku aliyezoea mbegu, alisema, anaweza kuitazama peleti asitambue kabisa kwamba ni chakula, akafa njaa mbele ya bakuli lililojaa. Mabadiliko yawe ya polepole, ndege apimwe uzito kila asubuhi kabla hajala, na akipoteza asilimia 10 ya uzito wake, arudishwe mbegu zake na aletwe hospitali mara moja. Kwa huyu wetu wa gramu 450, hiyo ina maana kwamba gramu 45 tu ndizo zinazonitenganisha na aibu.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mazungumzo yamekwisha kabla hayajaanza. Mwajiri yeyote anayepambana na wagomaji ana silaha moja ya kutegemea, nayo ni kungoja njaa ifanye kazi yake. Mimi nilinyang'anywa silaha hiyo mbele ya mgomaji mwenyewe, na nina hakika alisikia kila neno.

Asubuhi ya kwanza ya peleti inafaa kusimuliwa kwa makini. Aliikamata punje moja kwa mguu wa kushoto, akaiinua hadi usawa wa jicho, akaizungusha, akaigusa kwa ncha ya ule ulimi wake mweusi mnene, akanitazama, kisha akaipitisha katikati ya nyaya za tundu na kuiachia. Aliinamisha kichwa kufuatilia ilipoangukia. Aliporidhika, akachukua ya pili. Aliendelea hivyo kwa utulivu wa mhasibu anayehesabu noti mpaka bakuli likabaki jeupe, na mke wangu alipopita akashangilia kwamba ndege amekula vizuri sana leo.

Hilo ni jambo ambalo wafugaji wachanga wanapaswa kulijua: bakuli la kasuku ni shahidi wa uongo. Siku za alizeti lilionekana limejaa ilhali yalikuwa ni maganda matupu. Siku za peleti linaonekana tupu ilhali hakuna kilichopita kooni. Mashahidi wa kweli ni wawili, mizani na kinyesi. Kwa hiyo mimi, mtu mzima mwenye heshima zake kazini, huanza siku nikiwa nimeinamia karatasi iliyotandikwa chini ya tundu, nikijadiliana na mke wangu kama matone ya jana yalikuwa mengi kuliko haya, na kama hii rangi inayoelekea ugoro ni dalili kwamba peleti zimeanza kuliwa au ni dalili ya jambo baya. Chai hupoa tukiwa hatujafikia muafaka.

Mizani nayo ina kisa chake. Ni mizani ya jikoni, nimeifungia kijiti juu yake ili mheshimiwa asikanyage bati baridi. Ukiiwasha hulia mlio mmoja mwembamba, na mlio huo kasuku ameuiga hata mimi siwezi kuutofautisha na wenyewe. Matokeo yake ni kwamba huutoa mlio huo kabla sijagusa kitufe, nami nampandisha nikidhani mizani imewaka, tunabaki tunatazamana juu ya kioo kisicho na tarakimu.

Nilifikiri basi tatizo ni ladha, nikajitahidi katika mapishi. Kumbe kinywa cha kasuku kina vionja ladha mia kadhaa tu, wakati chetu kina maelfu. Anachochagulia ni umbo, ukubwa, rangi na jinsi kitu kinavyovunjika mdomoni. Na zaidi ya yote ni uzoefu, maana kasuku hukiogopa kitu kigeni hata kama kigeni hicho ni kipande cha boga. Pilipili kali, kwa upande wake, anaila yote na mbegu zake, kwa kuwa ndege hawausikii ule mwasho unaotutoa sisi machozi. Huitafuna kwa raha, kisha huja kunibembeleza na kuufuta mdomo wake kwenye kidole changu, nami baadaye najikuna jicho.

Nilimkatia karoti vipande, akavitupa. Nikaikwangua, akaipiga teke. Nikaining'iniza nzima, akapanda juu ya tundu na kuipa mgongo mchana kutwa. Nikasaga peleti zikawa unga, nikazivingirisha mbegu chache za alizeti ndani yake, nikijipongeza kwa ujanja. Lakini kasuku hali ganda. Huipasua mbegu kwa ustadi, akatoa kiini, akaliachia ganda lidondoke. Na vitamini zote nilizozipaka zilidondoka na ganda hilo, zikaingia kwenye ufagio wangu. Mke wangu amependekeza nianze kuuchunguza afya ufagio.

Washauri hawakukosekana. Mmoja alisema nitie matone ya vitamini kwenye maji. Daktari akasema maji yatabadilika ladha, ndege atapunguza kunywa, na kipimo alichomeza hakuna atakayekijua. Mwingine alisema nimpe parachichi, kwa kuwa lina afya. Lina afya kwako wewe, ndugu yangu. Kasuku linaweza kumuua, na chokoleti vilevile. Mama mkwe hakushauri kitu. Yeye humpenyezea biskuti nikigeuka, kisha huniuliza kwa upole kwa nini ndege wa watu anakondeshwa.

Ushauri uliotoka kwa daktari ndio ulionimaliza. Kasuku ni ndege wa kundi, alisema, hujifunza kula kwa kuwatazama wenzake. Kwa hiyo kaa mbele yake, kula unachotaka ale, na uonyeshe furaha. Brokoli mimi siipendi. Haikuwahi kunipenda nayo. Hata hivyo nimekuwa nikiketi mbele ya tundu, nikitafuna vile vichaka vya kijani vilivyochemshwa bila chumvi, huku nikifumba macho na kutamka, "Mmmh, tamu!" Kasuku alifuatilia igizo lile kwa usikivu mkubwa, na hakika alijifunza. Sasa huikamata brokoli, husema "Mmmh, tamu!" kwa sauti yangu halisi, huirusha ukutani, na mke wangu huita kutoka chumbani kuniuliza ninakula nini peke yangu.

Mtafiti Irene Pepperberg alimfundisha kasuku wa kijivu aliyeitwa Alex kwa takriban miaka 30, hadi Alex alipokufa mwaka 2007; ndege yule alijua rangi, maumbo na hesabu ndogo ndogo, na akiomba ndizi ukampa karanga, aliweza kukutupia karanga yako. Ulimwengu ulistaajabu. Mimi nimekusanya ushahidi wa kutosha kuthibitisha sehemu ile ya kutupa, ila hakuna chuo kilichonipigia simu.

Lililokuja kuuvunja mgomo halikuwa ustadi wangu wala huruma yake. Ulikuwa ni uchoyo. Mboga na peleti nilikuwa nikimpa asubuhi mapema, saa ambayo ndege huamka na njaa, na mbegu zikisubiri jioni kwa kijiko kimoja kidogo, utaratibu ambao yeye aliutambua haraka na kuamua kusubiri jioni. Asubuhi moja peleti chache zilikuwa pembeni ya sahani yangu, karibu na mkate. Akashuka begani, akatembea mezani akijifanya ana safari zake, akainyakua moja na kukimbia nayo. Nilipaza sauti kwa mshangao, naye akaitafuna yote, akinitazama, kwa furaha ya mwizi aliyefanikiwa.

Tangu siku hiyo peleti za kwenye bakuli ni takataka, na za kwenye sahani yangu ni mali. Kwa hiyo hula kifungua kinywa nikiwa nimezizungushia mkono, nikifoka, "Hizo ni zangu!", kwa sababu nisipofoka haibi, na asipoiba hali. Nikikemea kwa uvivu hunirudishia peleti sahanini na kungoja nikemee vizuri. Karoti nayo imeingia katika orodha ya mali ya wizi. Uzito umesimama, daktari ameridhika, na mgeni yeyote anayetukuta mezani asubuhi huondoka akiwa na shaka juu ya tabia yangu.

Limezuka jingine. Peleti ni kavu, na mheshimiwa ameamua kwamba sharti zichovywe. Huibeba moja moja hadi kwenye chombo cha maji, huilowanisha, hula nusu, na nusu huiacha izame. Haipiti saa moja maji yamekuwa uji wa kahawia, na uji huo ukiachwa huchacha na kuzalisha vijidudu, kwa hiyo ni lazima chombo kioshwe na maji yabadilishwe mara kadhaa kwa siku. Kukumbushwa nakumbushwa, maana amekwisha kujifunza kuita "Badilisha maji!" kwa sauti ya mke wangu, na kwa uchungu uleule. Mwanzoni niliruka kila nilipoitwa. Siku hizi nimemzoea ndege, sinyanyuki, nageuza tu ukurasa wa gazeti na kumwambia anyamaze. Na kila ninapomwambia hivyo huwa ni mke wangu.