Nilivyomwita Kanali "Kiguzo"

Haya, kwa kuwa kuna mtu (anajijua, alikaa meza ya jirani na keki) ameshamwaga klipu kwenye magrupu, na mimi mshereheshaji nijitetee.

Jumamosi, sendofu. Kadi ya itifaki imeandikwa "Colonel (mstaafu)", baba mkubwa wa bibi harusi. Ulimi ukateleza: "Tumkaribishe Mheshimiwa Koloni!" Ukumbi kicheko. Mwenye akili angesema samahani, muziki ukapigwa, yakaisha. Mimi nikaamua kufundisha.

Nikasema kosa si langu, ni la Waingereza. Neno ni la Waitalia, colonnello. Lilipofika Ufaransa L zikagombana mdomoni, wengine wakawa wanasema coronel, na Wahispania ndivyo wanavyoandika hadi leo. Waingereza wa karne ya 16 wakalichukua na R yake, kisha wakairudisha L kwenye maandishi tu. Hiyo R nayo wakaja kuimeza, sisi tukasikia "kanali". (Mnaochekwa kwa kuchanganya L na R, mna wenzenu Ulaya.) Simu zikainuliwa. Nikanogewa.

"Colonnello inatoka kwenye colonna, yaani nguzo, au safu ya askari. Ila hiyo -ello inakifanya kitu kiwe kidogo. Kwa hiyo wapendwa, kanali hasa hasa ni kiguzo! Karibu, Kiguzo wetu!"

Nageuka, mzee kashafika. Utosi wake unagota kwenye kifungo cha pili cha koti langu.

Kimya. Stendi ya maiki iko usawa wa kidevu changu. Akaitazama. Akashika skrubu, akailegeza taratibu. Kriii. Akashusha. Haijafika. Kriii. DJ, badala ya kuniokoa na wimbo, kapandisha sauti ya maiki, ukumbi mzima unaisikia skrubu. Mimi nimeshika kadi, natabasamu kama picha ya kitambulisho. Kriii ya tatu. Akakohoa.

"Kiguzo nimefika."

Meza kuu ilicheka hadi soda zikamwagika. Ndafu ikaliwa, hela yangu imeingia nusu, sijauliza. Nilimfuata mlangoni, "Nisamehe, afande," akanipigia saluti.

Na wewe wa klipu: umekata kipande cha Wahispania, ndiyo maana watu wanadhani nilikuwa nimelewa.