Anayejali mazingira anajali kwa hulka au kwa sababu mambo yamepangwa hivyo?

Kuna hoja inayopendwa sana siku hizi kwamba watu wako wa aina mbili, kuna walioumbwa na moyo wa kujali mazingira na kuna ambao hata uwaambie nini hawajali, kwa hiyo ukitaka kujua nani atafunga sola na nani hatafunga we angalia hulka yake kwanza. Kuna ukweli humo, ila mi naona inapewa uzito kuliko inavyostahili.

Wanasaikolojia wengi wanapima hulka kwa vigezo vitano: kupenda mambo mapya, nidhamu, uchangamfu, upole kwa wengine na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Kwenye ishu za mazingira tafiti nyingi zinamkuta yule wa kwanza, mpenda mapya, yuko mbele, na ukifikiria inaeleweka maana vitu vingi vya kijani vinapoingia sokoni huwa ni vigeni na mtu mwoga wa mageni anasubiri wenzake waumie kwanza. Nidhamu nayo inafanya kazi yake, kwa sababu friji isiyokula umeme mwingi unailipia sana leo halafu faida inakuja kidogokidogo kwa miaka, sasa mtu asiye na subira hiyo hesabu hata haifikishi mwisho, anaangalia bei ya leo basi. Wasiwasi ndo kigezo cha ajabu kidogo, unaweza kumsukuma mmoja achukue hatua na mwingine ukamfanya aogope hadi hataki kusikia kabisa habari za tabianchi.

Halafu kuna wanaofanya kwa sifa, na siyo tusi. Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2010 uliwaamshia watu hamu ya kuonekana wa maana, wakaanza kuchagua bidhaa rafiki kwa mazingira kuliko za kifahari, lakini pale tu walipojiona wananunua mbele za watu, walipowaza wako peke yao mtandaoni wakarudi kwenye anasa zao. Sasa hapo utasema ni hulka au ni macho ya watu?

Na hapa ndo hoja inapoanza kuyumba. Ujerumani watafiti walichapisha mwaka 2015 jaribio la kaya kama 40,000 zilizokuwa zinachagua mkataba wa umeme kwenye intaneti. Kundi moja ukitaka umeme wa vyanzo safi, ambao ulikuwa ghali kidogo, lazima uweke tiki mwenyewe, kundi lingine tiki ilishawekwa tayari na asiyetaka anaitoa. La kwanza waliochukua walikuwa asilimia 7 hivi, la pili asilimia 69. Makundi yaligawanywa kwa bahati nasibu, yaani wapenda mapya, wavivu, wenye wasiwasi, wote walikuwepo pande zote mbili, kilichobadilika ni tiki tu. Ireland nako walipoweka tozo kwenye mifuko ya plastiki mwaka 2002 matumizi yake yalishuka zaidi ya asilimia 90, na hakuna nchi inayobadilisha hulka ya watu wake ndani ya mwaka mmoja.

Kibaya zaidi kwa hoja ya hulka ni utafiti mwingine wa Ujerumani, wa 2018, uliopima nishati yote anayotumia mtu na hewa ukaa anayosababisha. Wanaojiona wanamazingira kweli walikuwa wanafanya vile vitendo vyao vidogovidogo, ila jumla ya matumizi yao haikuwa na nafuu ya maana, kilichoamua zaidi ni kipato. Na ni kawaida, mwenye hela ana nyumba kubwa na anapanda ndege, atatenganisha taka vizuri sana halafu safari moja ya mbali inafuta kila kitu. Ndo maana nashtuka kidogo nikikumbuka kwamba kampuni ya mafuta ya BP ilikuwa kati ya walioitangaza kwa nguvu miaka ya 2000 ile hesabu ya kila mtu ajipimie hewa ukaa yake mwenyewe, maana tukishakubaliana kwamba shida ni tabia ya mnunuzi basi muuzaji anakaa pembeni anatazama.

Hata hivyo siwezi kuitupa hulka yote. Tozo na tiki haziji zenyewe, kuna watu wanazipigania zikiwa bado hazipendwi na kuna watu wanazipigia kura, na huko yule mpenda mapya ana maana kubwa kuliko anavyokuwa nayo akiwa dukani anachagua balbu. Tena kwenye lile jaribio la umeme karibu theluthi waliitoa ile tiki, na wale asilimia 7 waliiweka wenyewe bila kusukumwa na yeyote, kwa hiyo kwenye hizo pembe mbili hulka inaweza kuwa na kauli. Ila hao wengi wa katikati wanaenda na kilichowekwa mezani, na mtu wa kuulizwa kuhusu hao ni aliyekiweka.