Mimi si Freemason, nilikuwa nachezesha ruleti

Acheni kunitumia mistari ya Biblia. Sijajiunga na Freemason. Aliyewaambia namjua, alikuwepo, na nyama choma yangu alikula.

Ilikuwa kasino tu jamani, ya sebuleni, Tabata. Shuka la kijani mezani, karata, visoda badala ya hela: cha bia elfu, cha soda mia. Balbu nikaweka nyekundu. Mimi mchezeshaji, kizibao cheusi cha harusi na tai ya kipepeo. Kilichoniponza ni ruleti, ule mchezo wa kubahatisha gololi itatua kwenye namba gani. Feni ya mezani niliilaza chali, nikang'oa mapanga, nikaifunga ungo wenye namba 0 hadi 36, nyekundu kwa nyeusi, sifuri kijani. (Fundi ni fundi, semeni mnavyotaka.)

Gololi inazunguka, nimeshatangaza "Madau yamefungwa!", LUKU ikakata. Giza. Mke wangu akaenda kwenye mita kuingiza zile tarakimu 20. Yule mbeya wenu naye akaona ndio muda wa kutoa elimu, kwa sauti nzito: "Mnajua namba zote humu ukizijumlisha unapata ngapi? Mia sita sitini na sita."

Umeme ukarudi.

Kwanza balbu nyekundu. Kisha ungo ukaanza kuzunguka wenyewe, taratibu, halafu mbio, kumbe kuna mtu gizani kabonyeza namba 3 ya feni. Ukawa unanyanyuka upande mmoja, unataka kupaa. Ndiyo, ungo, tena usiku, malizieni wenyewe. Nikanyoosha mikono yote miwili juu yake kuutuliza. Gololi ikachomoka, ikadunda ukutani, ikabiringika sakafuni bila haraka, ikagota kwenye kiatu cheusi kilichong'arishwa.

Cha baba mkwe. Mzee wa kanisa. Katoka Moshi bila kupiga simu, kasimama mlangoni na mkungu wake wa ndizi. Hodi yake hatukuisikia. Ile hesabu, yeye kaisikia yote.

"Shikamoo baba," nikasema, mikono bado juu ya ungo.

Hakuitikia. "Mwanangu mmempeleka wapi?"

Mwanawe ndiyo akatokea kwenye korido, tochi ya simu inammulika kidevuni.

Maombi yalikwenda hadi saa saba usiku, wote magotini, na wa kwanza kulia alikuwa huyo huyo mbeya wenu. Ungo umechomwa moto. Ulikuwa wa jirani, na leo keshauulizia. Mapanga nimeyarudishia, ila mzee hataki ile feni iwashwe akiwa ndani, na anasema hana haraka ya kurudi Moshi. Joto la Dar mnalijua. Haya yote nayaandika nikiwa kibarazani, nagombana na mbu.